Mfalme Chini ya Ngazi: Piramidi ya Palenque Ilikuwa Kaburi au Hekalu?

Katika sakafu ya hekalu lililo juu ya piramidi moja ya Palenque, mji wa kale wa Wamaya ulioko kusini mwa Meksiko, kuna bamba kubwa la jiwe lenye safu mbili za matundu ya mviringo. Kila tundu lilikuwa limezibwa kwa kizibo cha jiwe kilichochongwa kwa kipimo chake, kama mtu anavyoziba mdomo wa mtungi. Watafiti waliotangulia waliliona bamba hilo, wakalishangaa, wakaenda zao. Aliyelitilia maanani ni Alberto Ruz Lhuillier, mwanaakiolojia aliyekuwa akisimamia uchimbaji hapo kwa niaba ya Taasisi ya Taifa ya Anthropolojia na Historia ya Meksiko, ambaye mbali na matundu hayo alizitazama pia kuta, akagundua kwamba hazikuishia sakafuni bali ziliendelea kushuka chini yake. Fundi yeyote wa ujenzi angemwambia kwamba ukuta haupitilizi sakafu bure: chini lazima pana chumba, au paliwahi kuwa na chumba. Matundu yale, basi, yalikuwa ya kupitishia kamba wakati bamba likiteremshwa mahali pake, na kilichoteremshwa kwa kamba kinaweza kuinuliwa.

Chini ya bamba palikuwa na ngazi isiyopitika hata kidogo. Ilikuwa imejazwa mawe, udongo na chokaa kuanzia kidato cha kwanza hadi cha mwisho, na kifusi hicho hakikutokana na kuporomoka kwa jengo. Kilipangwa na kushindiliwa makusudi na watu waliotaka pasifikike. Ruz na vibarua wake walihitaji misimu minne ya uchimbaji, hadi mwaka 1952, kukitoa chote, wakipandisha jiwe baada ya jiwe katika joto, vumbi na unyevu wa mahali pasipo dirisha. Ngazi ilishuka upande mmoja, ikafika kwenye kituo, ikageuka na kushuka tena upande wa pili, kama zinavyojengwa ngazi za maghorofa ya leo.

Walipofika mwisho wake, mita 25 hivi chini ya sakafu ya hekalu, walikuta kwanza sanduku la mawe lenye sadaka: vyombo vya udongo, kombe zilizojazwa rangi nyekundu, vipande vya jedi, yaani lile jiwe gumu la kijani ambalo Wamaya walilithamini kuliko dhahabu, pamoja na lulu moja. Nyuma ya sanduku palikuwa na ukuta mnene wa mawe na chokaa. Nyuma ya ukuta palikuwa na mifupa ya vijana watano au sita waliozikwa pamoja, ambao kwa kila dalili waliuawa ili wamsindikize aliyelala ndani. Na hapo kando, bamba la pembetatu lilisimama wima kama mlango. Tarehe 15 Juni 1952 waliligeuza, wakapita.

Chumba walichoingia kina urefu wa mita 9 hivi, upana wa mita 4 na kimo cha takriban mita 7. Maji yaliyopenya katika chokaa kwa karne nyingi yalikuwa yameacha vipande vyeupe vilivyoning'inia kutoka darini mithili ya nta iliyoganda. Kutani wamesimama watu tisa waliofinyangwa kwa lipu ya chokaa, wenye mavazi ya kifalme. Katikati, likijaza karibu sakafu nzima, lilikuwapo jiwe moja kubwa mno lenye mfuniko uliochongwa nakshi kila mahali, urefu wake mita 3.8, upana mita 2.2, na uzito wake ukikadiriwa kuwa tani 5. Ruz alidhani kwanza kwamba ni madhabahu. Hakuwa mzembe, aliamini tu kile ambacho taaluma nzima ya wakati ule iliamini, kwamba piramidi za Amerika hazikujengwa kwa ajili ya kuzikia watu.

Shaka ilimfanya atoboe. Kekee ilipenya ubavuni mwa jiwe hadi ncha yake ikafika mahali patupu. Waya uliingizwa katika tundu, na ulipotolewa ulikuwa na chembe za rangi nyekundu. Rangi hiyo ilitosha kuwa jibu, kwa sababu nyekundu ni rangi ya mashariki katika fikra za Wamaya, upande linakochomoza jua, nayo ndiyo waliyoipaka na kuinyunyiza makaburini. Likabaki suala la kuuinua mfuniko katika chumba ambamo hakuna mashine ya kunyanyulia ingeweza kuingia. Walikata mti mgumu msituni, wakaugawa magogo mafupi, wakayashusha kwa ile ngazi, wakayasimamisha penye pembe za mfuniko, na juu ya kila gogo wakaweka jeki ya gari. Mwishoni mwa Novemba 1952 jiwe lilianza kupanda kidogo kidogo, huku wakisukumiza vipande vya mbao chini yake kila lilipopanda, ili jeki moja ikiteleza mfuniko usianguke na kuvunjika.

Chini yake palikuwa na kifuniko cha pili, cha jiwe lililosuguliwa likalainika, nacho kilikuwa na matundu yenye vizibo sawasawa na lile bamba la sakafuni. Kilipoondolewa, alionekana mtu mzima wa kiume amelazwa chali katika uwazi uliochongwa kwa kufuata umbo la mwili, mifupa yake ikiwa imegubikwa unga mwekundu wa madini ya zebaki. Usoni alivalishwa barakoa ya mamia ya vipande vya jedi, yenye macho ya kombe na kioo cheusi cha volkano. Kila kidole kilikuwa na pete ya jedi. Kiganja kimoja kilifumbata mchemraba wa jedi na kingine tufe la jedi, na kipande kingine kiliwekwa mdomoni.

Habari hizo zilipotangazwa, maoni ya wataalamu yalihama ghafla. Kabla ya 1952 vitabu vilifundisha tofauti iliyo rahisi kukumbuka: piramidi ya Misri ni kaburi la Firauni, imefungwa pande zote na ina ncha kali, piramidi ya Amerika ni jukwaa tu la kulipandisha hekalu karibu na mbingu, haina ncha na wala haina maiti. Baada ya Palenque wengine waliruka upande wa pili wakasema kwamba piramidi za Wamaya nazo ni makaburi ya wafalme, basi tena. Hadi leo mtu hukutana na kauli zote mbili, kila moja ikitamkwa kwa uhakika uleule, na ndiyo sababu mada hii inastahili kufumuliwa taratibu. Kwa maoni yangu kosa limo ndani ya swali lenyewe, kwani kuuliza kama jengo hilo ni kaburi au ni hekalu ni kutenganisha vitu viwili ambavyo waliolijenga hawakuvitenganisha.

Mahali pazuri pa kuanzia ni nyumba ya mkulima. Wamaya wa kawaida hawakuwa na desturi ya kuwapeleka wafu wao mbali, kwenye makaburi ya pamoja nje ya makazi. Waliwazika chini ya sakafu ya nyumba au pembeni mwa ua, sakafu ikasiribwa upya, na familia ikaendelea kupika, kulala na kulea watoto juu ya waliotangulia. Mtu aliyezikwa hapo hakuwa amehama ukoo. Alikuwa amebadilisha nafasi yake ndani ya nyumba ileile, na kuwapo kwake chini ya sakafu kulikuwa ushahidi kwamba kiwanja na shamba ni mali ya wajukuu wake. Mwanaakiolojia anayechimba jukwaa la nyumba ya Kimaya hupata sakafu juu ya sakafu, na kati ya sakafu hizo hupata wazee wa familia.

Piramidi ya Palenque ni desturi hiyohiyo iliyokuzwa ikalingana na hadhi ya mfalme. Maandishi ya mahali hapo yanalitaja jengo kwa jina lake, B'olon Yej Te' Naah, ambalo wasomaji wa alama hizo hulifasiri kuwa Nyumba ya Mikuki Tisa Mikali. Neno la mwisho, naah, maana yake ni nyumba. Piramidi ina ngazi kuu tisa za mwinuko, kama walivyo tisa wale watu wa kutani mle kaburini, na wengi huihusisha tisa hiyo na kuzimu.

Jambo moja la kiufundi linaondoa ubishi wote kuhusu kilichotangulia kati ya kaburi na jengo. Jeneza lile la jiwe ni kubwa kuliko upana wa ngazi na mlango wake; haliwezi kupita. Maana yake ni kwamba liliwekwa mahali pake kwanza, katika chumba ambacho sakafu yake iko chini ya usawa wa uwanja wa nje, kisha kuta na dari zikajengwa kulizunguka, kisha piramidi ikapandishwa tabaka kwa tabaka, na hekalu likawekwa kileleni mwisho kabisa. Hakuna aliyelichimba kaburi ndani ya piramidi iliyokwisha simama. Na kwa kuwa ngazi iliachwa wazi ndani ya jengo lililokuwa likipanda, maiti ingeweza kuteremshwa siku yoyote ambayo mauti yangefika, hata kama ujenzi umefika juu sana. Mwenye kaburi aliyaona mawe ya jeneza lake angali hai, jambo ambalo kwa mfalme aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 70 halikuwa la kushangaza.

Hapa tufike kwenye kile ambacho mimi hukiona kuwa kitu cha ajabu kuliko barakoa na pete zote. Kutoka kwenye jeneza hutoka mfereji mwembamba wa mawe yenye uwazi ndani, uliofinyangwa mithili ya nyoka, ambao hupanda ukifuata vidato vya ngazi hadi kwenye sakafu ya hekalu. Ngazi ilijazwa kifusi ili mwizi na mdadisi wasipite, ila mfereji haukuzibwa. Watu waliojitahidi hivyo kuufunga mlango wa kaburi walihakikisha kwamba bado ipo njia, nyembamba isiyotosha mkono wa mtu, kati ya mfu wa chini na kuhani wa juu. Wataalamu wameuita mfereji wa roho. Bila huo, mtu angeweza kusema kwamba hekalu na kaburi vilikutana hapo kwa kupangwa tu juu na chini. Ukiwapo, haiwezekani kusema hivyo, kwa sababu ibada ya juu ilikusudiwa imfikie aliyelala chini.

Aliyelala chini aliitwa K'inich Janaab Pakal. Neno pakal lina maana ya ngao, na ngao ni mojawapo ya alama zinazoliandika jina lake. Alizaliwa mwaka 603, akatawazwa mwaka 615 akiwa na umri wa miaka 12, akafariki mwaka 683 akiwa na miaka 80, baada ya kutawala miaka 68. Mji wake, ambao jina la Palenque ulipewa na Wahispania, wenyewe waliuita Lakamha', Maji Makubwa, kwa sababu ya vijito vinavyotiririka kutoka mlimani kupitia katikati yake.

Utawala huo mrefu ulianza vibaya. Mji ulikuwa umevamiwa na dola nyingine ya Kimaya, Kaan, iliyokuwa baadaye na makao katika mji wa Calakmul, mwaka 599 na tena mwaka 611, na ukoo wa kifalme ulikuwa umeyumba. Isitoshe, Pakal alipata haki ya kiti kwa upande wa mama yake, Sak K'uk'. Baba yake, K'an Mo' Hix, hakuwahi kuwa mfalme. Katika jamii iliyohesabu urithi zaidi kwa upande wa baba, hilo lilikuwa doa la kudumu. Yeye na watoto wake walilifuta kwa mawe. Jiwe moja la ikulu linamwonyesha mama akimkabidhi mwanawe kilemba cha ufalme. Katika hekalu la piramidi, mabamba matatu yenye alama 617 za maandishi yanasimulia wafalme waliopita, sherehe zao na miungu yao, kisha hesabu inarushwa mbele hadi mwaka 4772, wakati kumbukumbu ya kutawazwa kwa Pakal itakapoangukia karibu kabisa na mwanzo wa duru jipya kubwa la kalenda. Kwa jina la maandishi hayo jengo lote limeitwa Hekalu la Maandishi. Mtoto wake Kan Bahlam, aliyetawazwa mwanzoni mwa 684, ndiye aliyelikamilisha, na alipolikamilisha alikuwa akijisemea mwenyewe pia: mwenye kulitunza kaburi ndiye mrithi.

Hoja hiyo ya ukoo imechongwa kwa uwazi zaidi ubavuni mwa jeneza. Pande zote nne zina wahenga wa Pakal, wanaume kwa wanawake, wakichipuka kutoka ardhini kila mmoja pamoja na mti wenye matunda. Baba na mama wamo, na wamechongwa mara mbili, upande wa kichwani na upande wa miguuni. Yumo pia Yohl Ik'nal, mwanamke aliyetawala mji huo kabla ya Pakal kuzaliwa. Mama yake amechipuka na mkakao. Kwa wengine kuna mparachichi na mpera. Mfalme amezungukwa na bustani ambayo miti yake ni babu na bibi zake. Mkulima wa Rungwe au Murang'a anayepakia maparachichi kwenye lori leo anauza tunda ambalo asili yake ni huko Meksiko na Amerika ya Kati, na mapera ya watoto wetu yalivuka bahari vivyo hivyo.

Zao lililotawala fikra hizo zote, hata hivyo, ni mahindi. Jina letu la Kiswahili linayaelekeza Uhindi, kana kwamba huko ndiko yalikotoka, lakini mmea wenyewe ulianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, na kwa Wamaya ulikuwa zaidi ya chakula: binadamu aliumbwa kwa unga wake, na mungu wa mahindi hufa kila msimu anapovunwa, hushuka kuzimu, kisha hufufuka punje zikichipua. Anayeukumbuka mzunguko huo anaweza sasa kuusoma mfuniko wa jeneza. Pakal ameonyeshwa akiwa nusu amelala, magoti yamekunjwa, uso umeelekezwa juu, kiunoni amevaa vazi la wavu wa shanga za jedi, ambalo ni vazi la mungu wa mahindi. Chini yake taya za mifupa za kuzimu zimeachama. Juu yake umesimama mti wenye umbo la msalaba, nguzo inayoziunganisha kuzimu, dunia na mbingu, na kileleni ametua ndege wa mbinguni. Mfalme yuko mpakani, mahali pa punje iliyofukiwa.

Mfuniko huohuo ulipata umaarufu wa aina nyingine mwishoni mwa miaka ya 1960, pale ilipoenezwa dhana kwamba unamwonyesha rubani wa anga ndani ya chombo chake, ameshika usukani huku moto ukitoka nyuma. Ili kuuona usukani huo ni lazima kwanza uulaze mchoro ubavu, jambo ambalo wachongaji hawakulikusudia. Kisha inabidi usiangalie jiwe jingine lolote la Palenque, maana mti uleule, ndege yuleyule na viumbe walewale wamechongwa kwenye mahekalu mengine ya mji, yakiwamo yale aliyojenga Kan Bahlam, bila rubani yeyote. Sitalijadili zaidi, ila niseme kwamba dhana hiyo inawanyang'anya Wamaya kazi yao wenyewe, na wao hawakutoweka duniani: hata leo Wach'ol na Watzeltal wa Chiapas, jimbo ilimo Palenque, huzungumza lugha za ukoo huo, wala mahindi hawajaacha kuyalima.

Kingo za mfuniko nazo zimeandikwa. Ni orodha ya wahenga na tarehe walizokufa, na kwa kila mmoja neno la kufa ni och b'ih, aliingia njia. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana hapo, kwani nasi hatupendi kusema waziwazi kwamba mzee amekufa; twasema ametangulia.

Kusema hivi kwa uhakika hakukuwezekana siku jeneza lilipofunguliwa. Ruz alisimama mbele ya mamia ya alama akiwa anaweza kusoma tarehe tu. Mwaka uleule wa 1952, mbali sana na msitu wa Chiapas, mwanaisimu Yuri Knorozov wa Muungano wa Sovieti alichapisha hoja kwamba alama za Kimaya huandika sauti za lugha, silabi kwa silabi, na si picha za mawazo matupu. Wakubwa wa taaluma hiyo katika nchi za Magharibi walimpinga kwa miaka mingi. Mwaka 1973, katika mkutano wa wataalamu uliofanyika palepale Palenque, Linda Schele, Peter Mathews na Floyd Lounsbury waliketi na maandishi ya mji huo, na katika mchana mmoja wakapanga mfuatano wa wafalme wake kwa takriban miaka 200, kuzaliwa, kutawazwa na kufa. Maiti ya jeneza ikapata jina.

Jina hilo lilimletea Ruz taabu. Wataalamu wa mifupa waliompimia mwaka 1952 walisema kwamba marehemu alikuwa na umri wa miaka 40 hadi 50, ilhali maandishi yalisema 80. Yeye alisimama na mifupa, akakataa usomaji mpya, akaendelea kumwita marehemu kwa jina la siku ya kuzaliwa katika kalenda, Nane Ajaw. Mvutano huo ulidumu kuliko uhai wake. Mifupa ilichunguzwa tena na timu iliyoongozwa na Vera Tiesler na Andrea Cucina, ambayo mwaka 2006 ilichapisha matokeo yake: vipimo vya zamani vilimpunguzia umri, na dalili za mifupa zinalingana na mtu mzee. Meno yake yalikuwa yamelika kidogo tu, jambo lililowapotosha wa kwanza, lakini mtu aliyekula chakula laini cha ikulu tangu utotoni hawezi kupimwa kwa meno ya mkulima aliyetafuna unga wenye mchanga wa jiwe la kusagia.

Jirani na piramidi hiyo, ukuta kwa ukuta, kuna jengo dogo ambalo halikuvuta macho ya wengi hadi mwaka 1994, ambapo wachimbaji walikuta ndani yake jeneza jingine la jiwe. Aliyelala humo ni mwanamke wa miaka 60 hivi, amegubikwa unga mwekundu kiasi kwamba ameitwa Malkia Mwekundu, na uso wake ulifunikwa barakoa ya malakiti, jiwe la rangi ya kijani. Hakuna hata alama moja ya maandishi. Uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba hana undugu wa damu na Pakal kwa upande wa mama, kwa hiyo si mama yake. Wengi wanamwona kuwa mkewe, Tz'akbu Ajaw, aliyefariki mwaka 672. Majengo hayo mawili yakisomwa pamoja yanaonekana kama nyumba mbili za ua mmoja.

Maji nayo yamo katika habari hii. Mwaka 2016 wachimbaji walitangaza kwamba chini ya Hekalu la Maandishi kuna mifereji ya mawe inayopitisha maji ya chemchemi kuelekea nje, na kwamba huenda kaburi liliwekwa hapo kwa sababu ya chemchemi hiyo, ili roho ipate njia ya maji kwenda kuzimu. Wapo wanaoiona mifereji hiyo kuwa ni ya kukausha tu msingi wa jengo zito. Sioni kwa nini isiwe yote mawili. Katika mji ulioitwa Maji Makubwa, mhandisi na kuhani walikuwa wakitumikia ikulu moja.

Je, Palenque ndiyo kanuni ya miji yote ya Wamaya? Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Huko Tikal, katika nchi ya leo ya Guatemala, Hekalu la 1, lenye kimo cha mita 47 hivi, linasimama juu ya kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil, aliyetawazwa mwaka 682 na kuishinda Calakmul mwaka 695. Kaburi lake, lililofunguliwa mwaka 1962, lilichimbwa ardhini, likafungwa, na piramidi ikajengwa juu yake bila ngazi ya ndani wala mfereji. Ndani yake zilipatikana fupa nyembamba zilizochorwa kwa ustadi, na mojawapo inaonyesha mtumbwi uliojaa wanyama, miungu wawili wakipiga makasia, katikati ameketi mungu wa mahindi, mkono umeinuliwa pajini mwa uso kama mtu anayelia. Ni safari ileile ya Palenque, ila kwa chombo kingine.

Copán, katika Honduras, wao walifanya jambo la tatu. Mwanzilishi wa ukoo, K'inich Yax K'uk' Mo', aliyefika mwaka 426, alizikwa chini ya sakafu ya jengo dogo. Wafalme waliofuata walilifunika kwa majengo makubwa zaidi, hadi baada ya karne kadhaa likawa kiini cha piramidi ndefu kama tunda lenye maganda mengi. Waliolifikia kaburi hilo katika miaka ya 1990 walipita kwenye mahandaki, wakivuka hekalu moja ndani ya jingine. Na piramidi ya Chichén Itzá, iliyopigwa picha kuliko zote za Wamaya, ina piramidi ya zamani zaidi ndani yake pamoja na kiti chekundu cha umbo la chui wa Amerika, lakini halijapatikana humo kaburi la mfalme kama la Pakal. Yapo majengo yaliyoanzia kwenye kaburi, yapo yaliyolipokea kaburi baadaye, na yapo yaliyofuata hesabu za kalenda bila ya mfalme chini.

Mapambo ya Pakal yalipelekwa mji mkuu wa Meksiko, katika Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1985 wezi waliingia wakaichukua barakoa ya jedi pamoja na vitu vingine zaidi ya mia moja, na ilirudishwa mwaka 1989. Jeneza lenyewe halikwenda popote. Jiwe ambalo halikuweza kuingia kwa ngazi haliwezi kutoka kwa ngazi, kwa hiyo liko chini vilevile na mfuniko wake, na mfereji wa nyoka ungali ukipanda kando ya vidato kuelekea sakafu yenye matundu. Ruz alifariki mwaka 1979. Alizikwa Palenque, katika kaburi dogo la mawe kati ya miti, likiwa limeelekezwa kwenye piramidi aliyoifungua.